Folio ya Tisa

"Hebu tuanze upya, Joha. Neno la siri la barua pepe ya mzee alikuwa nalo nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine. Nilikwambia jana, nimekwambia leo, na hakimu akiniuliza kesho nitamwambia hivyo hivyo."

Sajini Ditram alitabasamu. Miaka kumi na mmoja ya upelelezi, na hajapata kuona mtuhumiwa anayejifunga kamba mwenyewe kirahisi namna ile. Akataka karatasi nyingine ya kuandikia maelezo, akavuta droo ya meza yake. Droo ikagoma. Lo, droo ile! Ilikuwa imeshiba bahasha na kadi za michango: harusi, kipaimara, maulidi, misiba ya watu asiowajua hata kwa sura. Ukishaajiriwa tu, kila uliyewahi kuchota naye maji bomba moja kule nyumbani anakuandikia. Ditram alikwishajipatia dawa yake. Ikija bahasha anaipokea kwa heshima zote, anaitia mfukoni, mfukoni inahamia droo, na droo haimdai mtu jibu. Aliingiza mkono kwa ubavu, akachomoa karatasi moja iliyokunjamana, kisha akaisukuma droo kwa goti.

Upande wa pili wa meza Joha alikaa peku, viatu vyake vimebaki kaunta. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye steshenari ndogo hapo Mikumi, kando ya barabara kuu: fotokopi, picha za paspoti, kutuma na kutoa pesa. Tangu jana mchana duka lilikuwa limefungwa na yeye alikuwa ndani. Kesho saa mbili asubuhi gari lingempeleka mahakamani Kilosa.

Kisa chenyewe kilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Mzee Zabron wa Kimamba, karani mstaafu wa reli, aliletewa barua pepe kwamba ameshinda bahati nasibu. Ili apewe zawadi yake, atangulize ada. Akatanguliza. Ikaja ada ya pili, ikaja kodi, ikaja bima, mpaka fedha zote za Umoja wa Kuzikana, ambao yeye ndiye katibu wake, zikaenda na maji. Mzee kaingizwa mjini, tena kavuliwa na koti. Barua zote alizisomea kwa Joha, zikaprintiwa kwa Joha, na pesa zikatumwa kwa simu ya uwakala ya Joha. Wanachama wa Umoja walihitaji ushahidi gani tena?

"Nani alimfungulia hiyo barua pepe?"

"Mimi. Wastaafu walitakiwa kuhakiki taarifa zao za pensheni, na mzee ana kitochi tu, hakina intaneti. Paswedi akasema niiandike kwenye daftari langu, maana yeye ataisahau."

"Kwa hiyo barua ya ushindi uliisoma wewe kabla yake."

"Niliisoma, nikamwambia huu ni utapeli."

"Ulimwambia!"

"Nilimwambia, wallahi. Nilimuuliza, mzee, tiketi ulinunua wapi? Akasema hajanunua. Sasa umeshindaje mchezo ambao hukuucheza? Nikamwonyesha anwani yao. Kampuni inagawa mamilioni, halafu inatumia anwani ya bure kama ile niliyomfungulia yeye pale kaunta! Na jina lake hawalijui, wamemwita Mpendwa Mshindi. Na zawadi gani hiyo, afande, anayepewa ndiye anayelipa kwanza?"

"Naye akasemaje?"

"Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, mwanangu una hoja, ila mimi ni mtu wa ofisi, barua yenye kumbukumbu namba na muhuri haitupwi hivi hivi. Lazima niombe ushauri. Akanunua bahasha ya kaki, akaandika barua pale pale kwangu, ameiziba kwa mkono kama mwanafunzi kwenye mtihani. Nikamtolea fotokopi moja. Akafunga bahasha, akaondoka, mara akarudi."

"Kufanya nini?"

"Kuazima kalamu nyekundu."

Ditram aliandika kalamu nyekundu. Hilo alilielewa. Mzee alikuwa na mtindo wa kutia namba nyekundu kwenye kila karatasi ya faili lake.

"Na hiyo barua ya kuomba ushauri aliipeleka wapi?"

"Aliniambia polisi. Hapa kwenu. Ijumaa alipokuja kutuma pesa akasema nyie hamna pingamizi."

Ditram akacheka, cheko la mtu aliyekuwa akilingoja neno hilo. Akainuka, akaleta kitabu kikubwa cha barua zinazoingia, akakifungua mbele yake na kushuka na kidole mstari kwa mstari, miezi mitatu mizima. Barua ya Zabron haikuwemo.

"Unaona? Imeletwa hapa, halafu ikayeyuka?"

"Basi alimpa mtu mkononi."

"Mtu gani?"

"Nitajuaje mimi? Nilikuwa nauza duka." Sauti ya Joha ilianza kukatika. "Afande, watu wananiachia vyeti vyao vya shule, vyeti vya ndoa, vitambulisho. Kesho nikishuka kwenye gari lenu pale Kilosa na pingu, nani ataniachia karatasi yake tena? Mwanangu yuko kwa jirani tangu jana, hata sijui wamemwambia nimekwenda wapi."

Ditram aliandika pembeni ya maelezo yake: Si kweli. Akatia sahihi yake kwa mbwembwe, ile D kubwa yenye mkia uliojikunja kama ndoano, akamwita askari amrudishe mahabusu.

Mkuu wake, Mkaguzi Costancia, alikuwa mama mfupi asiyependa maneno mengi. Alilipekua jalada akiwa amesimama.

"Na mwenye laini iliyopokea pesa?"

"Imesajiliwa kwa jina la Abeli fulani, mkata miwa kule Ruaha. Nilimfuata juzi. Aliponunua laini yake, muuzaji wa barabarani alimwambia kidole hakijasoma, abonyeze tena, na tena. Kabonyeza mara tatu. Moja ilikuwa ya laini yake."

"Na mbili za wezi." Mkaguzi akatikisa kichwa. "Kwa hiyo huyo naye kaibiwa kidole. Aliyebaki ni Joha, kwa sababu yuko karibu."

"Kwa sababu ushahidi unamwelekea, afande."

"Na hii karatasi iliyokosekana?"

Hapo palikuwa na mwiba. Mzee Zabron alikuwa ameyaweka mambo ya bahati nasibu katika faili la kijani, kila karatasi imetobolewa na kupitishiwa uzi, na kila moja ina namba yake ya folio kwa wino mwekundu kwenye kona. Mwizi gani aliwahi kufunguliwa faili safi namna hiyo! Folio ya kwanza: Bahati Nasibu Kuu ya Nyota ya Kusini, kumbukumbu namba, muhuri wa duara, Yah: Ushindi Wako. Folio ya pili: usimwambie mtu yeyote mpaka malipo yakamilike. Folio ya nane: mzee mwenyewe anawajibu wezi kwa adabu, wamwie radhi hadi Alhamisi kwani anatafuta ushauri. Folio ya kumi: wezi wanamkimbiza, dirisha linafungwa Ijumaa. Folio ya kumi na moja: stakabadhi ya kwanza ya kutuma pesa, Ijumaa hiyo hiyo. Folio ya tisa haikuwemo. Kwenye uzi kilibaki kipande kidogo cha karatasi chenye nusu ya tundu.

"Mwenyekiti wa Umoja, Mama Magreth, anasema hiyo ndiyo iliyokuwa na makubaliano ya mzee na Joha," Ditram alieleza. "Namuunga mkono. Kilosa kuna steshenari tele, hatua chache kutoka Kimamba. Kwa nini mtu asafiri mpaka Mikumi kuprinti barua, kama si kula njama?"

"Labda Kilosa anajulikana," alisema Mkaguzi, "na huko kwenye folio ya pili kaambiwa afiche." Akamrudishia faili. "Nenda Kimamba. Niletee folio ya tisa kabla sijatia sahihi ya kumpeleka mtu mahakamani."

Ditram akawasha pikipiki. Njia nzima mpaka Kilosa, na kutoka Kilosa mpaka Kimamba kwao, alikuwa akipanga maswali kichwani, na kila swali lilimwishia Joha.

Kimamba ni mji wa watu walioletwa na mkonge na reli. Babu wa huyu alitoka Songea, wa yule Kigoma, wa mwingine ng'ambo ya Ruvuma. Makaburi ya ukoo hawana, mashamba ya urithi hawana. Ukoo wao ni Umoja wa Kuzikana. Mtu akifa, awe wa msikitini au wa kanisani, Umoja ndio unaoleta turubai, mabenchi na yale masufuria makubwa, na vitu hivyo hukaa nyumbani kwa katibu. Kuvitunza ni heshima ambayo mtu hufa nayo. Mpaka siku ile, hakuna aliyewahi kuvihamisha kutoka kwa katibu aliye hai.

Ditram alipoegesha pikipiki mbele ya nyumba ya zamani ya reli alimoishi mzee, akina mama walikuwa wakitoka mlangoni na masufuria kichwani. Majirani walisimama kwenye milango yao. Hakuna aliyepiga kelele wala kutukana, na afadhali wangetukana. Mzee Zabron alikaa katikati ya uwanja kwenye meza ndogo, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote katika jua lile, kitabu kimefunguliwa mbele yake.

"Sufuria kubwa, namba nne. Anachukua nani? Weka sahihi hapa, mama."

"Zabron, hata leo?" alisema Mama Magreth, mwenyekiti, mwanamke mnene wa makamo aliyejifunga khanga kiunoni kama mtu aliyekuja kupika.

"Hasa leo, mwenyekiti. Kikitoka kitu bila sahihi, kesho mtasema nimekula na sufuria."

Mama Magreth akainama, akatia sahihi.

"Shikamoo, mzee," Ditram alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kiti sina cha kukupa, vimeshatoka."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule binti mmemfanyaje?"

"Yuko ndani, mama. Kesho anapelekwa mahakamani."

Kalamu ya mzee ilisimama hewani. Ditram aliliona hilo, akaliweka akilini, akasema anaomba wazungumze faragha.

Waliingia sebuleni. Ukutani palikuwa na alama za vumbi pale mabenchi yalipoegemea miaka yote.

"Mzee, naitafuta folio ya tisa."

"Ilichanika."

"Ikachanika!"

"Uzee, mwanangu. Mikono haina nguvu."

Ditram alimtazama. Mtu huyu, miaka kumi na mitano iliyopita, kwenye meza ile ile iliyoko nje, alimwandikia yeye Ditram barua ya kuomba kazi ya polisi, kisha akamfanya ainakili mara nne kwa sababu pambizo lilipinda. Mtu huyu achane folio? Akahisi joto la mwindaji. Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Sikiliza, mzee. Kwenye folio ya nane uliwaambia unatafuta ushauri. Wewe ushauri huombi kwa mdomo, unaandika. Ukiandika unabaki na nakala, na nakala hiyo ndiyo folio ya tisa. Na barua yako haiondoki mkononi mwako kabla aliyeipokea hajatia sahihi." Akageuka kutazama nje, kwenye meza, kwenye kile kitabu. "Kile ni kitabu cha kusainia barua. Masufuria umeyaandika kwenye kurasa za mwisho tu."

Mzee aliinuka upesi kuliko Ditram alivyotegemea.

"Ditram, kiache kitabu kile."

"Ni kielelezo, mzee."

"Mwanangu, nakuomba. Kiache."

Nani angeacha? Kwa mzee kumsihi vile, Ditram aliona kazi imekwisha, jina la Joha limo mle. Alitoka, akakichukua kitabu mbele ya akina mama wote, akarudi nacho sebuleni huku moyo ukimdunda kwa furaha. Akafunua nyuma: masufuria, mabenchi, barua ya diwani, barua ya mchungaji, barua ya imamu. Akafika.

Folio 9. Kwa mkono, Mikumi, Jumatatu. Kuomba ushauri kuhusu ushindi wa bahati nasibu.

Na kwenye kisanduku cha mpokeaji palikuwa na D kubwa yenye mkia uliojikunja kama ndoano.

Aliisoma. Akaisoma tena, kana kwamba ingebadilika. Masikio yalimwaka moto, kisha shingo, kisha uso mzima. Sahihi ile angeweza kuikana mbele ya nani?

Ikamrudia siku yenyewe. Mchana, mgahawani kando ya barabara kuu, yeye na wenzake wawili na sahani ya nyama, wanabishana mpira. Koti la kijivu limesimama kando ya meza. Alimwamkia mzee bila kuinuka kitini. Akafuta mafuta kwenye vidole viwili, akatia sahihi alipoonyeshwa, akaitia bahasha mfukoni bila kuitazama, akasema, "Nitaishughulikia, mzee." Mzee hakuondoka mara moja, alisimama kidogo kama anayengoja kitu. Ditram akadhani anangoja soda, akamwagizia soda. Mzee alishukuru, akaondoka, na soda ikabaki pale haijafunguliwa.

"Nilidhani ni mchango," alisema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Nilijua utadhani hivyo," mzee alijibu. Akafungua kifungo cha juu cha koti, akatoa kwenye mfuko wa ndani karatasi iliyokunjwa mara nne. Kwenye kona yake palikuwa na 9 nyekundu. "Soma. Ni yako."

Ditram akasoma. Mwandiko ulikuwa umenyooka, pambizo halikupinda.

Mzee alieleza kuwa ana mashaka. Hakununua tiketi yoyote. Wanaompongeza hawalijui jina lake. Wanataka awatangulizie ada. Wanamkataza kumwambia mtu, jambo ambalo kwa ofisi halali hajapata kuliona. Kwa upande mwingine, barua ina kumbukumbu namba na muhuri, naye tangu ujana wake hajawahi kuidharau barua yenye vitu hivyo viwili. "Kwa kuwa wewe ni mpelelezi," aliandika, "neno lako moja, ndiyo au hapana, litanitosha. Nisipopata jibu hadi Alhamisi, nitachukulia kuwa huna pingamizi."

"Alikuwa ameshajua," Ditram alinong'ona, kama vile anamsema mtu mwingine. "Ulikuwa umeshajua, mzee. Yote umeyaandika hapa."

"Nilijua nusu. Nusu nyingine nilitaka iwe kweli. Kamba za turubai zimeoza, wanachama wanazeeka, nikasema labda Mungu kautazama Umoja." Alikuwa akiongea na sakafu. "Kazini kwetu, barua ikipitisha tarehe bila kujibiwa, aliyepelekewa hana pingamizi. Ndivyo tulivyoendesha treni. Alhamisi nilikaa na simu mkononi hadi jioni. Nilikupigia mara mbili. Ijumaa nikaenda kutuma."

Ditram aliikumbuka na simu. Namba ngeni, nayo alidhani ni mchango.

"Kwa nini hukusema, mzee? Wanakutolea masufuria mchana kweupe, umenyamaza!"

"Niseme nini? Barua iliyokuingiza kazini niliiandika mimi. Na ya kukutoa niiandike mimi?" Mzee aliinua uso, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Lakini yule binti, nilidhani mmemhoji mkamwachia. Hakuna aliyeniambia. Siku hizi hakuna anayeniambia kitu. Alinikataza kwa mdomo wake, Ditram, nami nimemlaza sakafuni. Nilitaka kukuficha wewe, sikutaka kumfunga yeye. Ichukue, kamtoe."

Ditram aliikunja folio ya tisa, akaitia mfukoni. Na hapa tuseme kweli, maana yeye mwenyewe baadaye alikiri: alipoitia mfukoni, wazo lilimjia kwamba inaweza kubaki humo. Mzee hatasema. Kitabu kinaweza kupotea njiani, pikipiki imeyumba, mto umekichukua. Joha atasimama kizimbani, labda ataachiwa, labda hataachiwa, na sajini atabaki sajini. Wazo hilo halikudumu zaidi ya hatua nne, kutoka kitini mpaka mlangoni, lakini alilitembeza hatua zote nne.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Magreth na sufuria ya mwisho, na nyuma yake wanawake wote wa Umoja.

"Umeipata, afande?"

"Nimeipata, mama."

"Ni ya yule binti?"

Wote walikuwa wakimtazama. Angesema ndiyo, wangempa na maji ya kunywa.

"Hapana, mama. Ni yangu. Mzee aliniandikia kuniuliza kama ule ni utapeli. Akaniletea mkononi. Nilisaini, sikuifungua. Nilidhani mnaniomba mchango. Joha alimkataza mzee, mzee akaniuliza mimi, mimi nikanyamaza. Pesa zenu zimepita hapo."

Hapakuwa na kishindo. Mama Magreth aliishusha sufuria taratibu, akaigeuza, akaonyesha kitako chake cheusi.

"Msiba wa baba yako tulipika kwa hii siku tatu," alisema. "Wewe ulikuwa chuoni, ukakuta tumeshamaliza yote. Sasa Umoja ukikuandikia, unaona tunakuja kukunyonya."

Aibu ilimvaa Ditram mwili mzima, hata mikono hakujua aiweke wapi. Alitaka kuipanda pikipiki akimbie. Nyuma yake sauti ya mzee ikamsimamisha.

"Ditram. Folio haitoki bila sahihi. Na kitabu chenyewe kinatoka pia, kiandike."

Akarudi mezani, akainama mbele ya watu waliomzika baba yake, akashika kalamu. Ule mkia wa ndoano safari hii haukujikunja.

Alifika Mikumi jua likiwa bado juu ya milima ya Vidunda. Hakwenda kunawa wala kunywa maji. Alimweleza Mkaguzi Costancia kila kitu amesimama wima, akaweka mezani folio ya tisa na kitabu. Mkaguzi alisoma, akamwagiza askari amlete Joha, kisha akasema neno moja tu.

"Droo."

Ditram akavuta droo yake. Ikagoma kama kawaida. Akaivuta kwa mikono miwili, ikachomoka mzimamzima, na kadi zikamwagika mezani na sakafuni: maharusi, marehemu, watoto wa kipaimara, wote waliomngoja. Alipiga magoti akachambua. Ilikuwa chini kabisa, bahasha ya kaki, imefungwa bado. Akaiweka mezani.

"Hujaifungua mpaka leo," alisema Mkaguzi.

"Sijaifungua, afande."

Joha alikuwa amekwishafika mlangoni, peku, khanga imekunjamana kwa kulaliwa. Ditram alimgeukia. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima kutoka Kilosa, na sasa hata moja halikuja.

"Dada Joha, nisamehe. Ulisema kweli."

Mkaguzi alilivuta jalada, akafika pale pembeni palipoandikwa Si kweli, akayakata maneno hayo kwa mstari mmoja na kuandika tarehe.

"Uko huru, mama. Viatu vyako viko kaunta. Wewe Sajini, andika maelezo."

Ditram akazunguka meza kukiendea kiti chake.

"Siyo hicho," alisema Mkaguzi, akamwonyesha kile cha upande wa pili, alichokuwa amekalia Joha asubuhi.

Akakaa. Joha hakuwa ameondoka bado. Alikuja hadi mezani, akaiangalia ile bahasha, aliyoiuza yeye mwenyewe, akaigeuza upande wa nyuma.

"Nilikuwa najiuliza kalamu yangu nyekundu aliitakia nini," alisema, akamsogezea Ditram aisome.

Herufi zilikuwa kubwa, zimenyooka, na chini yake zimepigiwa mistari miwili.

SIYO MCHANGO, MWANANGU.